Darubini na Jiwe la Tabaka

Tulikuwa tumekaa chini ya hema tukingoja chakula, baada ya kumzika Ombui kwao Nyamarambe, mwanamume mmoja wa makamo alipoinama kutoka kiti cha nyuma na kuniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu wa jua. Nilimjibu kwamba nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, ikiwa hilo ndilo alilomaanisha. "Hapana," akasema, "yule wa jua. Marehemu alikuwa akitusimulia." Halafu akajifunika mdomo kwa karatasi ya ratiba ya mazishi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa mtu wa adabu, akaomba radhi, akanitafutia soda. Lakini chakula kilipokuja sikuweza kukimeza. Nina wajukuu, nimestaafu, nimekuwa mzee wa kanisa. Nilidhani kwamba katika umri huu mtu huwa amekwisha kumaliza aibu zake, kama mtu anavyomaliza meno. Sivyo. Ombui alikuwa rafiki yangu wa kweli na alinitania kwa upendo muda wote tuliofundisha pamoja, lakini hakuwapo nyumbani kwetu siku ile. Aliyasikia mambo yale kwa watu, akayanogesha. Sasa amekwenda, na hadithi yake imebaki na vijana ambao hawakumjua baba yangu. Ndiyo maana nauandika mwaka ule mimi mwenyewe, ingawa kila nikianza napata sababu ya kwenda kuangalia kama ng'ombe wana maji.

Ulikuwa mwaka wa 1973, mwaka ambao jua lilipatwa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nairobi na kupewa kazi katika shule ya sekondari ya Waadventista upande wa Nyamira. Chumba chetu cha walimu kilikuwa na meza moja ndefu, madirisha yasiyofungika vizuri, na birika la chai ya maziwa lililonukia moshi kwa sababu mpishi alitumia kuni mbichi. Hapo ndipo tulipopata habari kwamba mwezi wa sita jua lingefunikwa kabisa huko kaskazini, kando ya Ziwa Rudolf, kama tulivyoliita wakati huo, na kwamba huku kwetu lingebaki kipande chembamba tu. Wataalamu wa nchi za nje walikuwa wakijiandaa kuja na vyombo vyao. Mwalimu mkuu, mtu aliyependa shule yake itajwe kwenye mikutano, alinigeukia mbele ya walimu wote akasema kwamba shule ilikuwa imepata fedha za maabara, na kwamba ningechagua darubini ya kupigia picha ya jua hilo. "Wewe ndiye umesoma haya mambo," akasema. Ombui, aliyefundisha jiografia na ndiye Mkatoliki pekee katikati yetu, akaongeza, "Chagua haraka, Mwalimu. Jua halitakungoja ufikirie."

Alinijua tayari. Mimi nilikuwa mtu wa kusimama dukani nikilinganisha viberiti. Katalogi ilipofika kutoka Nairobi niliisoma mpaka kurasa zikaanza kuachana. Kulikuwa na darubini mbili zilizotufaa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kioo, pana kama ndoo, imekaa juu ya stendi nyepesi ya kusukuma kwa mkono, juu na chini, kushoto na kulia. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya lenzi, ndogo hata ikaonekana kama kitu cha kuchezea, lakini stendi yake ilikuwa ya chuma kizito, yenye mhimili wa kuinamishwa sambamba na mhimili wa dunia na mtambo wa saa wa kuizungusha polepole, ili darubini ilifuate jua bila kuguswa. Mwalimu mkuu alitaka ile kubwa. Kila aliyepita nyuma yangu alitaka ile kubwa. Mimi nilieleza, pengine kwa urefu kuliko ilivyohitajika, kwamba mpiga picha hununua stendi kwanza; kwamba darubini kubwa inayotikisika hupiga picha ya kutikisika kwake; kwamba dunia inazunguka, na jua husogea nje ya kioo wakati mtu bado anatafuta mahali pa kuweka jicho. Nilichora kwenye ubao. Nilibadili mawazo mara kadhaa, nikaota ndoto za stendi, nikamwandikia mhadhiri wangu wa zamani ambaye hakujibu. Mwishoni tuliagiza ile ndogo yenye stendi nzito, na mwalimu mkuu akatia sahihi kama mtu anayekubali kuozwa mke asiyemtaka.

Ilifika mwezi wa tatu katika sanduku la mbao lililojaa nyasi kavu za ugenini. Tuliiunganisha pale pale mezani, kati ya vikombe. Ilikuwa nzuri. Nilianza kuulaza mhimili wake ili uelekee kaskazini kama inavyotakiwa, nikauinamisha, nikauinamisha tena, ukagonga chuma na kukataa. Nikaangalia kipimo kilichochorwa ubavuni mwake. Kilianzia latitudo za watu wa mbali sana huko juu, waliotengeneza stendi ile kwa ajili ya anga lao. Kwetu, karibu kabisa na ikweta, mhimili wa dunia unalala kama mti ulioangushwa. Stendi ile haikujua kulala. Nilikuwa nimefikiria uzito, lenzi, filamu, mtikisiko, kutu, hata nyuki. Jambo moja tu sikulifikiria: kwamba ninaishi Nyamira. Ombui alinywa chai yake taratibu. "Kwa hiyo, Mwalimu," akasema, "shida ni ya stendi au ya kwetu?" Walimu wakacheka, hata mwalimu mkuu, ila kicheko chake kilikatika mapema.

Nilipata dawa baada ya kukosa usingizi. Kama stendi haiwezi kuinama, basi kinachoibeba kiinamishwe. Nilihitaji kabari kubwa, nzito, isiyotikisika, iliyokatwa kwa pembe niliyoitaka. Nikaenda Tabaka, ambako jiwe ni laini na watu hulichonga kama sisi tunavyomenya viazi. Kijana mmoja mchongaji, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, aliutazama mchoro wangu, akaugeuza, akaugeuza tena. Akawaita wenzake. "Mwalimu, hiki ni kiti au ni kaburi?" Nikasema ni stendi. "Nichonge na kiboko juu? Wazungu hawanunui bila kiboko." Nikasema hakiuzwi. Wakanitazama kwa huruma. Hata hivyo alilichonga vizuri, na likatoka jiwe la rangi ya maziwa yaliyoganda, lenye mgongo wa mteremko na matundu ya kupitishia boliti, zito kiasi kwamba wanaume waliolipakia kwenye lori walilitukana kwa jina langu.

Shida iliyofuata ilikuwa ya Sabato. Siku ya kupatwa kwa jua iliangukia Jumamosi, na mwalimu mkuu akaigundua kwenye kalenda. Alisema haiwezekani shule ya Waadventista ipige picha Sabato, na wanafunzi wakirukaruka uwanjani kama siku ya michezo. "Mungu ndiye amelipanga Jumamosi," Ombui akasema, "anataka kuwajaribu nyinyi." Mwishowe tulikubaliana kwamba ningeipeleka darubini nyumbani kwetu, mlimani juu ya Kebirigo, na kuifanya kazi hiyo huko kimyakimya, kama mtu anayetazama tu kazi ya Muumba. Jumatatu ningeleta picha. Picha haina siku, alisema mwalimu mkuu.

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu ya baba. Nitamwita Tata, kama sisi Wagusii tunavyomwita baba. Macho yake yalikuwa yakifa. Daktari wa hospitali ya Kisii alikuwa ameniita pembeni na kuniambia kwamba presha ya macho ilikuwa imekwisha kuharibu mengi, na kwamba kilichobaki kingeondoka kidogo kidogo. Tata aliona vitu vikubwa na vyenye mwanga. Vidogo vilikuwa vimemwacha. Nilimkuta siku moja akiwa ameketi nje ya nyumba yake, bakuli la uji wa wimbi mapajani, akasema bila utangulizi kwamba alipokuwa mvulana akichunga ng'ombe jua liliwahi kuliwa hivyo hivyo, na wakubwa wakawaamuru watoto waingie ndani na kufunika nyuso. "Nilifunika," akasema. "Wenzangu walichungulia. Mpaka leo wananisimulia." Akanywa uji. "Hicho chombo chenu, mtu mwenye macho kama yangu anaweza kuona kitu?" Nikamwambia ndiyo. Si kwa kutazama ndani, maana hapo mtu huungua jicho; lakini ukiondoa kamera na kuacha mwanga wa jua upite kwenye lenzi, huangusha picha ya jua lenyewe juu ya kitu cheupe, kubwa kama sinia. Angeiona. Aliuliza tena, "Kubwa kama sinia?" Nikasema ndiyo. Aliwaambia wazee wa kanisa. Aliwaambia wachuma chai. Sikuwahi kumsikia akijivunia kitu kabla ya hapo, na nilijua kwamba safari hii nisingeweza kukosea.

Wakati huohuo nilikuwa nikioa. Harusi yetu na Kemunto ilifanyika likizo ya mwezi wa nne, na nyumba niliyojengewa katika boma la Tata, ya mabati, vyumba viwili, sebule na chumba cha kulala, bado ilinuka saruji. Shangazi zake Kemunto walimletea shuka nyeupe walizotarizi wenyewe kwa uzi mwekundu, wiki nyingi za kazi, na tulizitandika kwa woga kama watu waliolala kwenye bendera. Jiwe la Tabaka lilikuwa limekwisha fika. Swali lilikuwa niliweke wapi, na hapo nikafikiria tena kwa bidii yangu yote. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Wingu hutoka upande wa ziwa, na saa ya kupatwa kwa jua ndiyo hasa saa ya mvua. Nisingeacha darubini ya shule nje. Mlango wa sebule yangu ulielekea kule ambako jua lingekuwa. Kwa hiyo niliwaita vijana, tukaliingiza jiwe ndani, tukaliwekea saruji hapo hapo nyuma ya kizingiti. Mlango ukiwa wazi darubini ingeliona jua. Mvua ikija ningefunga. Picha ya jua ingeangukia kwenye karatasi ya manila niliyoibandika ukutani ndani ya sebule. Nilizunguka nyumba nikijipongeza.

Mama alikuja kuona. Alisimama nje, mkono kwenye nguzo ya veranda, kitambaa kichwani kikiwa na vumbi la mahindi. "Jiwe umeliweka ndani," akasema. Nikamweleza habari ya mvua. Akasikiliza mpaka mwisho. "Na baba yako atasimama wapi?" Nikamwonyesha: hapa, kando ya meza, kuna nafasi ya kutosha, hata wazee wawili zaidi wangeenea. Mama alinitazama usoni, kisha akatazama chini, kisha akaanza kuzungumza juu ya ndama. Mtu wa kwetu anayesoma hapa ameshaelewa. Asiye wa kwetu nimweleze: kuna kitu tunakiita ensoni, ambacho ni aibu na heshima kwa pamoja, na husimama kati ya baba na mwanawe kama ukuta. Mwana akishaoa, baba yake haingii nyumba ya mwanawe. Haingii hata mvua ikimpiga. Hakitaji kitanda cha mwanawe wala kukijua, na mwana vilevile kwa baba. Nililelewa ndani ya sheria hiyo, sikuhitaji kuambiwa. Lakini ensoni haizungumzwi. Huwezi kumkumbusha mtu jambo ambalo kulitaja kwenyewe ni kulivunja. Mama alikuwa amesema yote aliyoweza kusema. Na mimi kichwani mwangu nilikuwa na pembe na dakika za filamu, nikamsikia akiuliza habari ya nafasi.

Siku ilipofika, tulikwenda kanisani kama kawaida. Mahubiri yaligusa jua lililosimama zamani za Yoshua, na watu wakanitazama. Tulikula chakula kilichopikwa Ijumaa, ndizi na mboga za saga, vimepoa. Kisha nikakimbilia kwenye jiwe langu. Stendi ilifanya kazi. Naomba hilo likumbukwe na mtu. Mtambo wa saa ulilia polepole kama nyenje, na jua likatulia katikati ya kioo kama lililopigiliwa msumari. Nilikuwa na kamera na kioo cheusi mbele ya lenzi. Upande wa chini mwezi ulikuwa ndiyo kwanza unagusa ukingo. Nilipiga picha ya kwanza. Halafu nikawasikia wazee uani.

Tata alikuja na Mzee Nyakundi na mzee mwingine wa kanisa, wote kwa mashati meupe ya Sabato, makoti yakiwa mkononi kwa ajili ya joto. Nilitoka nikapita kando ya jiwe, nikawasalimu, nikasema, "Karibuni ndani, Tata, kila kitu ni tayari." Wazee wawili waligeuka kutazama mgomba. Tata alitabasamu kuelekea sauti yangu. "Tuko sawa hapa," akasema. "Hapa pana hewa." Nikasema hapana, lazima iwe ndani, jua linaonekana ukutani ndani. Nilisema hivyo, mbele ya wazee, kwa sauti ya kufundishia. Nyuma yangu Kemunto, aliyekuwa amejificha pembeni ya mlango kwa sababu naye haikumfaa kusimama mbele ya baba mkwe, alinivuta shati. Nikageuka nimkemee, nikauona uso wake, na ndipo nilipouona mwaka wangu mzima: lori, saruji, boliti, na Tata akiwa amesimama nje ya kizingiti, mahali ambapo angesimama hadi kifo chake.

Mtu mwingine angeng'oa darubini kutoka kwenye jiwe. Nami nilifikiria hilo. Nilifikiria boliti, muda wake, na kwamba bila stendi jua lingetoroka kila nikilipata. Nilifikiria wingu, ambalo lilikuwa limeanza kupanda upande wa ziwa. Nikaamua kutumia kioo cha Kemunto cha kujitazamia. Nikatoa kamera na kioo cheusi, na picha nilizozitolea mwaka mzima nikaziacha ziende. Nikaweka kile kioo cha kujitazamia juu ya kiti nyuma ya darubini, nikauelekeza mwanga utoke kwa dirisha la nyuma, mpaka kwenye kivuli cha nyumba ambako tulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Kuulenga mwanga huo kulinila muda mrefu, na mwezi ukazidi kulila jua. Sasa nilihitaji tu kitu cheupe cha kuning'iniza. Karatasi ya manila ilikuwa ndogo mno kwa umbali ule. Nikaingia chumbani.

"Mwalimu, hiyo hapana," Kemunto akasema kwa sauti ya chini.

"Ni nyeupe."

"Mwalimu, nisikilize. Hiyo imeandik—"

"Wingu linakuja," nikasema, nikatoka nayo kwa mbio. Hakuweza kunifuata. Tata alikuwa nje.

Niliianika ile shuka, nikaivuta pembe zake iwe kama ukuta, nikawaita wazee wazunguke nyuma ya nyumba, na jua likaangukia juu yake. Sijaona kitu kizuri kuliko kile. Kilitetemeka kidogo, kama kitu kilicho chini ya maji, lakini kilikuwa kikubwa, kikubwa kuliko sinia, hilali nyembamba nyeupe iliyozungukwa na giza lake. Hewa ilikuwa imepoa, kuku wanaelekea bandani, na mwanga wa uani ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. "Liko mbele yako, Tata," nikasema. "Songa kidogo." Alisonga, mkono mmoja mbele, kichwa ameinamisha upande kama alivyozoea sasa kutafuta vitu. "Kuna kitu cheupe," akasema. "Songa tena." Mzee Nyakundi alikuwa nyuma yake. Mzee huyu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la kanisa, na tangu hapo alisoma kila kitu kwa sauti, mabango, paketi za sukari, mifuko ya mbolea. Akaona herufi nyekundu kwenye pindo. "La-la," akasoma kwa furaha. "Sa-la-ma." Neno la tatu hakulisoma. Lilikuwa "mpenzi", na herufi zake zilikuwa kubwa kuliko za mengine, zenye ua kila upande.

Mzee wa tatu alikuwa ametoa leso na kupangusa uso uliokuwa mkavu. Tata alisimama na mkono wake hewani, karibu kuigusa. "Hiki ni kitambaa gani?" akauliza. Hakuna aliyemjibu, na hilo lilikuwa jibu. Alishusha mkono. Kisha akageuka, polepole, akaipa shuka mgongo, akabaki akitazama migomba ambayo bila shaka hakuiona.

Na jua likamkalia kifuani. Lile shati la Sabato lilikuwa limepigwa pasi ya makaa, halina hata kunjo, na hilali yote iliingia humo, kutoka bega mpaka bega, ikiwa safi kuliko ilivyokuwa kwenye shuka. Mzee Nyakundi aliinua macho kutoka ardhini. "Makori," akamwita Tata kwa jina, "usisogee. Liko kwako. Limekukalia kifuani."

"Linaonekana?" akauliza, kidevu ameinamisha; kwa karibu vile macho yake hayakushika kitu.

"Linaonekana vizuri sana."

Nilisogea kuiondoa shuka. Tata alinisikia. "Acha," akasema. "Waite akina mama."

Mama akaja na jirani zake kutoka jikoni, mikono ikiwa na majivu, na wote wakatazama kifua cha Tata. Alikuwa amesogea nusu hatua nyuma, shuka ikimgusa visigino, na nimefikiria nusu hatua ile muda mrefu kuliko nilivyofikiria darubini. Huenda alitaka tu kusimama imara. Huenda alijua kwamba hapo mwili wake uliyafunika maneno. "Likoje sasa?" akauliza. Mzee mmoja akasema kama pembe ya fahali. Mama akasema kama ukingo wa chungu kilichovunjika. Mzee Nyakundi akasema linazidi kuliwa, limebaki kama ukucha. "Ukucha wa mtu mzima au wa mtoto?" Tata akauliza, na watu wakacheka, na kicheko kile kikawafungua, wakaanza kusimuliana wanachokiona, wakionyeshana kwa vidole, wakibishana. Mimi niliulizwa pia. Nikaanza kueleza kivuli cha mwezi. "Sikukuuliza linafanywa na nini," Tata akasema kwa upole.

Alisimama hivyo, bila kujikuna, bila kuegemea kitu, mpaka wingu lilipofika na shati likawa shati tu. Matone ya kwanza yalianguka. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akawaongoza wageni wake huku ameshika mkono wa Nyakundi.

Ile picha moja niliyoipiga mapema ndiyo iliyokwenda shuleni: jua zima, lenye alama ndogo pembeni. Ombui alisema panya alionja mkate akaukataa. Mwalimu mkuu aliitundika maabara, na kila mwaka nilifundisha chini yake. Lakini hiyo si aibu. Hiyo ni fizikia. Nilipokuwa nikila chakula cha jioni siku ile, tonge likiwa njiani kwenda mdomoni, lilinijia wazo kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa shati jeupe. Ningelivua, nikalishika wazi mbele yake, na Tata angeliona jua. Kazi ya pumzi mbili. Nililirudisha tonge kwenye sahani. Kemunto aliniuliza nina nini, nikasema sina kitu.

Kabla ya hapo, jua lilipotua kweli, tulikuwa tumekusanyika sebuleni kwa Tata kuifunga Sabato, kama ilivyokuwa desturi. Taa ilikuwa bado haijawashwa. Mvua ilipiga mabati hata tukapiga magoti karibu karibu ili tusikilizane. Tata aliomba. Aliombea majani ya chai, aliombea wagonjwa kwa majina, aliwaombea wenye safari, aliiombea nyumba mpya iliyo bomani mwetu na waliomo. Kisha akasema, "Tena twakushukuru, Bwana, kwa kuwa leo macho yetu yameiona kazi yako." Alisema macho yetu. Akafika mwisho. Wazee wakasema Amina, Mama akasema Amina. Mimi nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbao, mdomo wazi, na sauti haikutoka. Kila mtu alikuwa tayari kuinuka. Tata hakuinuka. Alibaki magotini, kichwa kimeelekezwa upande wangu, akingoja, na wote wakangoja pamoja naye gizani, mpaka na mimi nikaitikia.